Skripti moja, mashine mbili: kwa nini huku inakimbia na kule inatambaa

Skripti yenyewe ilikuwa ya kawaida: inasoma majedwali ya alama za wanafunzi, inajumlisha, inapanga nafasi, inaandika ripoti. Kwenye laptopu yangu ya Intel ilimaliza kabla sijaondoa mkono kwenye kibodi. Nikaihamishia kwenye Raspberry Pi 4 ambayo ilikuwa ikae shuleni kama seva, nikaiwasha, nikaenda kuchukua chai, nikarudi. Bado. Mwalimu wa taaluma aliyekuwa pembeni akanitazama kwa huruma: "Kijana wangu, hako kakompyuta hakana nguvu." Shikamoo yake nilishampa, nikaona nisibishane. Nikamwamini, na kumwamini huko kukanigharimu siku nzima.

Ni kweli Pi 4 ni dhaifu kuliko laptopu. Ila udhaifu wa chuma una kiasi chake, na tofauti ikizidi mno, mara nyingi tatizo haliko kwenye chuma. Injini ya skripti, yaani programu inayosoma skripti na kuitekeleza, iwe V8 ya Chrome na Node.js (inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari), JavaScriptCore ya Safari, SpiderMonkey ya Firefox au zile za PHP, Ruby na Lua, hubeba jina moja kila mahali, lakini ndani yake kuna sehemu ambayo lazima iandikwe upya kwa kila aina ya prosesa. Sehemu hiyo ni JIT, yaani kompaila inayogeuza skripti kuwa msimbo wa mashine wakati programu yenyewe inakimbia. Pasipo na JIT anabaki mkalimani tu, anayesoma agizo, analitekeleza, anarudi kusoma jingine. Kwa hesabu nzito, pengo kati ya mkalimani na JIT nzuri ni pana kuliko pengo kati ya prosesa nyingi unazoweza kulinganisha dukani.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: kwenye mashine hii, skripti yangu inapita njia gani? Kuhusu ubora wa prosesa utauliza baadaye.

Kabla ya lolote, pima kwa haki

JIT haianzi kazi papo hapo. V8 huanza na mkalimani wake, Ignition, kisha hupandisha ngazi zile kazi zinazorudiwa mara nyingi hadi kufika TurboFan, na prosesa dhaifu huchelewa zaidi kupanda ngazi hizo. Ukipima mzunguko wa kwanza peke yake, umepima uvivu wa asubuhi. Rudia kazi mara nyingi ndani ya mchakato uleule, andika muda wa mizunguko ya mwanzo kando na ya mwisho.

Kisha fanya jaribio moja ambalo watu wengi hawalifikirii. Kwenye mashine yenye kasi, zima JIT kwa makusudi:

```
node --jitless alama.js
```

Sasa umeona skripti yako ikitembea kwa mkalimani mtupu. Kama mwendo huo unafanana na ule wa mashine inayotambaa, anza kushuku kuwa kule JIT haipo au haifanyi kazi. Kama bado unaizidi kwa mbali, tafuta kwingine. Jihadhari tu kwamba kuzima JIT kunaweza kuondoa na WebAssembly (msimbo uliokompailiwa mapema ambao JavaScript huweza kuuita), kwa hiyo skripti inayoitegemea inaweza kukataa kabisa.

Dalili: prosesa ni ya biti 64 lakini mwendo si wake

Hapa ndipo nilipokuwa nimekwama. Niliandika `uname -m`, ikajibu `aarch64`, yaani ARM ya biti 64 (ARM ni familia ya prosesa za Pi na za simu nyingi), nikaridhika. Kosa. Kwenye Pi 4, Raspberry Pi OS ya biti 32 ya miaka ya karibuni huwasha kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya biti 64 huku programu zote zilizo juu yake zikibaki za biti 32. `uname` huuliza kerneli, na kerneli husema ukweli kuhusu yenyewe tu. Uliza hivi:

```
getconf LONG_BIT
node -p process.arch
file -L $(which node)
```

Mimi nilipata `32`, `arm`, na mstari mrefu ulioanza na ELF 32-bit, yaani faili la programu ya biti 32. Cortex-A72, prosesa ya Pi 4, ilikuwa inafanya kazi mkono mmoja umefungwa mgongoni.

Kwa nini biti 32 iumize hivyo? Kwanza ni rejista, zile nafasi chache ndani ya prosesa ambamo hesabu hufanyika. ARM ya biti 32 ina 16 kwa majina, na baadhi zina kazi maalumu. ARM64 ina 31. Kwa upande wa Intel na AMD, x86 ya biti 32 ina 8 na x86-64 ina 16. Kompaila ikikosa nafasi huanza kuhamisha thamani kwenda kwenye kumbukumbu na kuzirudisha, kama fundi mwenye meza ndogo anayeweka kila kifaa sakafuni. Pili, waandishi wa injini wameelekeza nguvu zao kwenye biti 64. JavaScriptCore ndiyo mfano ulio wazi: ngazi yake ya juu kabisa, FTL, ipo kwa x86-64 na ARM64; mashine ya ARM ya biti 32 huishia ngazi ya chini yake.

Dawa ni kuweka mfumo endeshi wa biti 64 kamili. Raspberry Pi OS ya biti 64 ilitoka rasmi Februari 2022. Usijaribu njia ya mkato ya kupakua Node ya arm64 na kuiweka juu ya mfumo wa biti 32: utaambiwa `No such file or directory` huku faili unaliona kwa macho yako. Kinachokosekana ni kipakiaji cha programu za biti 64, na ujumbe ule umewachosha watu wengi.

Ukiwa na Pi Zero ya kwanza au Pi 1, habari ni nyingine. Hizo ni ARMv6, biti 32 bila hiari, na Node.js iliacha kutoa matoleo rasmi ya ARMv6 kuanzia toleo la 12.

Simu nazo zina ugonjwa huohuo. Chrome ya Android ilikuwa ya biti 32 hata kwenye simu za biti 64 hadi toleo la 89 mwaka 2021, na wakati huo ilibadilika kwa simu zenye Android 10 kwenda juu na kumbukumbu ya GB 8 au zaidi. Simu ngapi za mtaani kwetu zilikuwa na GB 8? Simu nyingi za Android Go (Android nyepesi ya simu za bei nafuu) nazo huuzwa na mfumo wa biti 32 juu ya prosesa ya biti 64. Fungua `chrome://version` uone kilichoandikwa kwenye mstari wa kwanza. Hapo hakuna cha kurekebisha kwenye simu ya mteja. Punguza uzito wa skripti unayomtumia.

Dalili: Mac mpya, tena ya bei, lakini Node ni nzito

```
node -p process.arch
sysctl -n sysctl.proc_translated
```

Ukiona `x64` kwenye Mac ya M1 au iliyofuata, umeleta Node ya Intel, pengine kwa kunakili mafaili kutoka kompyuta ya zamani. Rosetta 2, mfasiri wa Apple wa programu za Intel, inaifasiri. Amri ya pili ikijibu `1`, ujue hata teminali yako inafasiriwa, na kila utakachosakinisha kupitia humo kina hatari ya kuwa cha Intel pia. Rosetta ni hodari kwa programu za kawaida kwa sababu huzifasiri mapema kabla hazijaanza. JIT huivuruga: msimbo wake haukuwepo wakati huo, unazaliwa programu ikiwa inakimbia, kwa hiyo nao lazima ufasiriwe palepale. V8 inatafsiri JavaScript kuwa Intel, Rosetta inatafsiri Intel kuwa ARM. Node.js ina matoleo rasmi ya Mac za ARM tangu toleo la 16, Aprili 2021.

Kontena, yaani programu zilizofungashwa pamoja na mazingira yake, zina mtego wa aina hiyo, na mtego wao ni mbaya zaidi. Docker, inayoendesha kontena, ikikuta picha (kifurushi cha kontena) ya amd64, jina jingine la x86-64, kwenye mashine ya arm64 inaweza kuiendesha kupitia QEMU, mwigaji wa prosesa, bila kelele nyingi. Angalia kwa `docker run --rm jina-la-picha uname -m`. Jibu likiwa `x86_64` kwenye mashine ya ARM, umepata mchawi wako.

Dalili: programu ileile, toleo lilelile, lakini JIT haipo

PHP 8.0 ilitoka Novemba 2020 na JIT ya x86 tu. ARM64 ilisubiri 8.1, mwaka mmoja baadaye. Aliyehamisha seva yake ya 8.0 kwenda kwenye seva ya ARM ya wingu kwa sababu ya bei aliiacha JIT nyuma bila kuonywa. Uliza:

```
php -d opcache.enable_cli=1 -d opcache.jit=tracing \
    -d opcache.jit_buffer_size=64M \
    -r 'var_dump(opcache_get_status()["jit"]);'
```

Tazama `on`: ikiwa `true`, JIT inafanya kazi. Lakini nitoe maoni yangu: tovuti nyingi za PHP zinasubiri hifadhidata muda mwingi kuliko zinavyopiga hesabu, na JIT haiharakishi kusubiri. Usihamishe seva kwa ajili ya hili kabla hujapima.

Ruby ilipita njia hiyohiyo. JIT yake, YJIT, ilikuja na 3.1, Desemba 2021, kwa x86-64. Toleo la 3.2 liliiandika upya kwa lugha ya Rust na kuiongezea ARM64. Hapo ndipo kuna shimo jipya: ukijenga Ruby mwenyewe kwenye mashine isiyo na `rustc`, kompaila ya Rust, ujenzi unakamilika vizuri, kila kitu kinafanya kazi, ila YJIT imeachwa nje. `ruby --yjit --version` itakuambia.

Dalili: iPhone ina prosesa kali, lakini skripti ndani ya app inasuasua

Hapa prosesa haina kosa hata kidogo. Apple hairuhusu app ya kawaida ya iOS kuandika msimbo wa mashine kisha kuutekeleza, na bila ruhusa hiyo hakuna JIT. Ukiweka V8 ndani ya app yako lazima ikimbie kwa `--jitless`. Ukiita JavaScriptCore moja kwa moja ndani ya app, nayo inabaki na mkalimani. Ukurasa ulioufungua kwa WKWebView (kivinjari cha mfumo kinachowekwa ndani ya app), kwa upande mwingine, unapata JIT kwa sababu unaendeshwa na mchakato tofauti wa mfumo wenyewe. Kwa hiyo hesabu nzito ikiwezekana ihamishie kwenye WKWebView. Mteja akilalamika kuwa hata Safari imekuwa nzito, muulize kama amewasha Lockdown Mode, iliyokuja na iOS 16: nayo huzima JIT.

Dalili: kila kitu kiko sawa isipokuwa hesabu fulani

Hii ndiyo ninayoipenda, kwa sababu inamlazimisha mtu kujua namba zinavyokaa.

V8 huweka namba nzima ndogo moja kwa moja mahali pa kielekezi (anwani inayoonyesha thamani iko wapi kwenye kumbukumbu), bila kuzitengea nafasi ya pekee kwenye kumbukumbu. "Ndogo" maana yake inategemea mashine. Node ya biti 64 ya kawaida hukubali biti 32 kamili. Node ya biti 32 hukubali biti 31, yaani mwisho wake ni 1,073,741,823. Chrome ya biti 64 nayo ina kikomo hicho cha biti 31 tangu ilipoanza kubana vielekezi katika toleo la 80, mwaka 2020.

Sasa fikiria saa ya Unix, hesabu ya sekunde tangu mwanzo wa 1970. Ilivuka kikomo hicho Januari 2004. Leo, kila sekunde unayoihifadhi ndani ya objekti kwenye Node ya biti 64 inakaa pale pale. Ihamishie kwenye biti 32 na kila moja inajengewa kijumba chake kwenye kumbukumbu, na mkusanya taka wa injini anapata kazi ya ziada. Namba ya simu ya 0712 ukiihifadhi kama namba bila sifuri inaingia ndani ya kikomo. Ukianza na 255 au 254, haiingii popote. (Namba za simu hifadhi kama maandishi, tafadhali. Hakuna anayezijumlisha.) Kwa safu ndefu za sekunde, `Int32Array`, safu ya namba nzima tu, humaliza ubishi: ina biti 32 kwenye kila mashine.

Jingine ni kugeuza desimali kuwa namba nzima, kazi ambayo JavaScript hufanya kila unapoandika `x | 0`. Kanuni ya lugha inataka namba kubwa izunguke kwa 2 kipeo cha 32. Prosesa hazikuumbwa na kanuni hiyo: agizo la x86 likishindwa hurudisha thamani moja maalumu ya kushindwa, na la ARM hubana jibu kwenye ukingo. Injini inabidi ikague, na ikiona matokeo ya kutiliwa shaka inakwenda njia ndefu. Kwenye ARM ya biti 32 ukaguzi hushindwa kwa kila thamani iliyovuka biti 32, kwa hiyo kitanzi cha kutengeneza hashi (namba fupi inayowakilisha data) kinaweza kupita njia ndefu kila mzunguko. ARM waliona mzigo huo wakaongeza agizo katika ARMv8.3 lenye jina la JavaScript ndani yake, FJCVTZS. Kuona kama unalo kwenye Linux:

```
grep -m1 -ow jscvt /proc/cpuinfo
```

Pi 4 hailijui. Pi 5 nayo, yenye Cortex-A76, hailijui pia. Prosesa za Apple za M1 na kuendelea zinalo. Nisitie chumvi: kwa skripti nyingi hutaona tofauti. Ila ukiwa na kitanzi kama `h = (h * 16777619) | 0`, badilisha kiwe `h = Math.imul(h, 16777619)`. Utapata kasi, na zaidi ya kasi utapata jibu sahihi, maana zao lile la kwanza linaweza kuvuka 2 kipeo cha 53 na kupoteza tarakimu za chini kimyakimya.

Dalili: skripti ni nyepesi, lakini HTTPS inamaliza prosesa

Usiitafute kwenye injini. HTTPS husimba data, mara nyingi kwa AES; kazi hiyo hufanywa na maktaba ya C, na kasi yake hutegemea kama prosesa ina maagizo ya AES. Prosesa za Intel zilianza kuwa nayo mwaka 2010. Pi 4 haina, ingawa Cortex-A72 yenyewe inaweza kujengwa nayo. Pi 5 inayo. `grep -m1 -ow aes /proc/cpuinfo` ikinyamaza, weka ChaCha20-Poly1305, njia nyingine ya usimbaji, mbele kwenye mipangilio ya seva. Imebuniwa iende vizuri kwa programu peke yake.

Dalili: leo haraka, kesho polepole, skripti haijaguswa

Kwa LuaJIT, injini ya Lua yenye JIT, kwenye ARM64 nina mtuhumiwa mmoja. Agizo la kuruka la ARM64 hufika MB 128 mbele au nyuma. La x86-64 hufika GB 2. Msimbo unaotengenezwa na JIT lazima ukae karibu na injini ili miruko ifike. Ndani ya programu kubwa, na kwa kuwa mfumo endeshi huchanganya anwani kila uanzishapo programu, siku nyingine nafasi ya karibu inapatikana, siku nyingine haipatikani, na LuaJIT inarudi kwa mkalimani bila kukuambia. Iendeshe kwa `luajit -jv` utafute `failed to allocate mcode memory`. Ukiiona, sasisha LuaJIT, kisha jaribu kuianzisha mapema kabla programu haijajaza eneo hilo.

Kwenye simu, mtuhumiwa ni mwingine: viini vikubwa na vidogo vya prosesa. Viini vidogo kama Cortex-A53 na A55 hufuata maagizo kwa foleni, likikwama moja yote yanasubiri. Mfumo ukiupeleka uzi wako (mfululizo wa kazi wa programu yako) huko, namba zako zitayumba. Pima mara kadhaa, simu ikiwa imetulia.

Dalili: `Illegal instruction` kwenye ARM, kwenye Intel hakuna

Hii inawahusu wanaojenga au kurekebisha injini. Kwenye x86 kache ya maagizo (ghala dogo la maagizo ndani ya prosesa) hufuata yenyewe yaliyoandikwa kwenye kumbukumbu. Kwenye ARM lazima uiambie, kwa `__builtin___clear_cache` au mwenzake. Ukisahau, prosesa inatekeleza masalia ya zamani, mara moja moja, bila mpangilio. Kosa hilo linaweza kuishi miaka kwenye x86 bila kuonekana. Vivyo hivyo kwa nyuzi zinazoshirikiana kumbukumbu moja, `SharedArrayBuffer`, bila `Atomics` za kuzipangia zamu: Intel ni mkali kuhusu mpangilio wa kumbukumbu na hukufichia uzembe, ARM hafichi.

Dalili: inaanza vizuri, kisha inalegea

Joto, au umeme. Kwenye Pi amri ni moja:

```
vcgencmd get_throttled
```

`0x0` ni salama. Baada ya kuweka mfumo wa biti 64 kwenye ile Pi ya shule, skripti ilibadilika kabisa, nikampigia mwalimu simu kujisifu. Siku mbili baadaye akanirudishia: imelegea tena. Nikaenda, nikaandika amri, ikajibu `0x50005`: volti iko chini sasa hivi na ilishawahi kuwa chini, mwendo umepunguzwa sasa hivi na ulishawahi kupunguzwa. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Nikafuata waya kwa mkono hadi nyuma ya kabati. Mtu alikuwa amechukua adapta yake na kuacha chaja ya simu.